Mafuta Yakipita, Vitamini Hupita Nayo

*Hotuba kwa wazazi na walezi wa vijana wenye CF, London mashariki, Jumamosi moja ya Novemba*

Shikamooni wakubwa zangu. Wengine wote, hamjambo.

Kabla sijasema lolote, tazameni ukumbi huu. Viti vimejaa mama, baba, mashangazi, mabibi wawili watatu, na mzee wetu pale aliyetoka Birmingham kwa basi la alfajiri. Wenyewe tunaowazungumzia hawapo. Wako majumbani wanatusikiliza kupitia ile simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya maji mezani. Wala hatujawafungia mlango kwa ubaya. Vijana wenye sistiki faibrosisi, maradhi ya kurithi yanayoziba mapafu na kongosho kwa ute mzito, CF kama tunavyoiita kliniki, hawakutanishwi chumba kimoja, kwa sababu bakteria aliyejificha kifuani mwa mmoja anaweza kuhamia kwa mwenzake, na akishahamia kumtoa ni shughuli. Ni maradhi yanayomnyima mgonjwa hata kumkumbatia mgonjwa mwenzake. Kwa hiyo mkiniona naiangalia ile simu mara kwa mara, mjue nawaangalia wenye shughuli.

Nimeombwa nizungumzie vitamini na mapafu. Mimi kazi yangu ni lishe, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Dada, karatasi inasema vitamini D ya mwanangu iko chini. Nimpe nini kifua kipone?" Ni swali la mapenzi, silicheki. Ila ndani yake kuna kosa dogo, la kudhani vitamini ndiyo dawa ya kifua, na sehemu kubwa ya maneno yangu leo ni kulitoa hilo kosa kama unavyomtoa mtoto mwiba wa samaki kooni.

Kosa lenyewe halikuanza kwenu. Lilianza na madaktari. Mwaka 1938, New York, daktari mmoja mwanamke aliyekuwa akichunguza maiti za watoto, Dorothy Andersen, alichapisha maelezo ya watoto 49 ambao makongosho yao yalikuwa yameharibika, yamejaa makovu na vifuko vidogo. Yeye ndiye aliyeyapa maradhi haya jina la sistiki faibrosisi. Watoto wale walikuwa wamekonda, matumbo mbele, na vifua vimeoza kwa maambukizo. Andersen aliona pia dalili za upungufu wa vitamini A, mpaka kwenye ngozi laini ya ndani ya njia za hewa. Akajenga hoja ambayo kwa wakati ule ilikuwa na akili kabisa: kongosho halifanyi kazi, mafuta hayaingii mwilini, vitamini A inapotea, na kifua kinabaki bila ulinzi.

Hoja ile ilikuwa na kweli nyingi, ila mzizi ulikuwa kwingine. Wakati wa joto kali New York, mwaka 1948, daktari Paul di Sant'Agnese na wenzake waliona kwamba watoto wa CF walikuwa wakizidiwa kuliko wengine, na mwaka 1953 wakaonyesha kwamba jasho lao lina chumvi isiyo ya kawaida. Wazungu wa zamani walikuwa na msemo kuhusu mtoto ambaye ukimbusu kwenye paji la uso unaonja chumvi, kwamba hana maisha marefu. Mama zao walijua kabla ya maabara. Mpaka leo kipimo kikuu cha kuthibitisha CF ni kipimo cha jasho. Mwaka 1989 jeni yenyewe ikapatikana, ipo kwenye kromosomu ya 7, inaitwa CFTR. Ni jeni inayotengeneza mlango wa chumvi kwenye seli. Mlango ukikwama, maji hayaifuati chumvi, na ute unakuwa mzito kama uji uliolala. Kwenye mapafu unanata na kufuga bakteria. Kwenye kongosho unaziba vijifereji, na vimeng'enya vya kusaga mafuta havifiki kwenye utumbo. Kati ya wagonjwa 100, karibu 85 wako hivyo, na ndio wanaomeza vidonge vya vimeng'enya pamoja na chakula.

Sasa vitamini. A, D, E na K hazisafiri peke yake. Hupanda mafuta kama abiria wanavyopanda daladala. Daladala ikipita kituo bila kusimama, abiria wote wamepita, hata kama nauli walilipa. Mnajua wenyewe choo cha mtoto ambaye mafuta yake hayasagwi: kinaelea, kinang'aa, na harufu yake hata jirani anajua. Mle ndani mna vitamini mlizonunua.

Kwa hiyo karatasi ile ya damu, inayochukuliwa mara moja kwa mwaka, ukiisoma vizuri inatoa habari za daladala kwanza. Namba ikiwa chini, msikimbilie kuongeza abiria. Ulizeni kwanza: gari linasimama?

Nitawapa kisa. Nimebadilisha mambo ya kutosha ili mwenyewe asitambulike, na alinipa ruhusa. Kijana wa miaka 15, wazazi wake watu wa pwani, swala tano, nyumba ya adabu. Uzito wake haukuwa mbaya. Lakini mwaka ule vitamini D ilianguka kutoka nanomoli 68 kwa lita hadi 31, E nayo chini, na kwenye mashine ya kupima pumzi alikuwa amepoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake ya kupuliza. Mama yake alikuwa amekwisha kununua D ya duka la dawa na mafuta ya samaki. Nilimwomba kijana tuongee wawili. Nikamuuliza, "Vidonge vya chakula unavimezaje?" Akanyamaza. Halafu akatoa simu, akanionyesha picha ya boksi la viatu chini ya kitanda chake. Vidonge vya miezi minne, vimepangwa vizuri kabisa ndani ya boksi, maana kuvitupa aliona ni israfu.

Mwenzake wa madrasa alikuwa amesoma kwenye karatasi ya dawa kwamba vimetokana na nguruwe.

Naona vichwa vinainama. Ndiyo, ni kweli, na mimi sitawaficha. Vimeng'enya tunavyotumia hutolewa kwenye kongosho la nguruwe, na hapa Uingereza havina mbadala wa mnyama mwingine unaoweza kuutegemea. Mzazi anayemficha mwanawe jambo hili anamwachia mwenzake wa madrasa amwambie. Baba wa yule kijana alikwenda kwa sheikh wake, akamweleza yote. Sheikh akamsomea aya ya 173 ya Suratul Baqara, ya aliyelazimika bila kutamani wala kuvuka mpaka, kisha akamwambia amlete kijana mwenyewe asikie kwa masikio yake. Hilo la mwisho ndilo lililofanya kazi. Kijana hakutaka fatwa ya kuletewa na mama. Alitaka kuulizwa kama mtu mzima. Boksi la viatu lilirudishwa kwa mfamasia, vikatoka vipya, na baada ya miezi mitatu D yake ilipita 60. Dozi ya vitamini yenyewe hatukuwa tumeigusa.

Na pumzi? Ilirudi sehemu, haikurudi yote. Hapa ndipo ninapotaka tuwe wakweli, kwa sababu kuna watu mitandaoni wanauza vitamini D kama dawa ya mapafu.

Mwaka 2014 ulitoka utafiti kutoka Minnesota uliowaangalia watoto na vijana wenye CF. Wa miaka 15 hadi 18 waliokuwa na upungufu wa vitamini D walikuwa wakichafukwa kifua karibu mara tatu kuliko wenzao ambao D yao haikuwa chini kiasi hicho. Mtu akisoma hapo anasimama na kwenda dukani. Lakini kaa kidogo. Kijana ambaye kifua kinamsumbua hali vizuri, hatoki nje, vidonge anaruka. Je, D ndogo ndiyo iliyoleta kifua, au kifua ndicho kilichoshusha D, au vyote viwili vina mama mmoja? Kuna sababu ya kuamini kwamba D ina mkono wake, maana huzisaidia seli zetu kutengeneza aina ya protini inayoua bakteria. Basi wakajaribu. Kikundi cha Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, na hospitali nyingine za Marekani waliwachukua watu wazima 91 waliolazwa kwa kifua. Nusu wakapewa dozi kubwa mno ya D, uniti 250,000 kwa mara moja na nyingine ndogo baadaye, nusu wakapewa kidonge kitupu. Matokeo yalichapishwa 2019. Waliopewa, damu yao ilijaa D. Kulazwa tena hakukupungua.

Mimi matokeo yale hayakunivunja moyo. D bado inatakiwa kwa mifupa, na mifupa ya mgonjwa wa CF huwa dhaifu. Ukivunjika ubavu kwa kukohoa, utakohoaje tena kutoa ute? Mwongozo wa Marekani wa 2012 unataka kipimo kisipungue nanomoli 75 kwa lita. Wa Ulaya wa 2016 uliridhika na 50. Kliniki yenu itawaambia inafuata upi, msigombane na daktari kwa sababu binamu aliye Ohio ameambiwa vingine.

Lakini kuna jambo letu sisi. Kwa latitudo hii, tangu Oktoba hadi Machi mapema, jua la Uingereza halitengenezi D ngozini, hata ukae nje siku nzima na pua yako nyekundu. Na ngozi yetu nyeusi inahitaji jua zaidi kuliko ya mwenzetu ili itengeneze kiasi kilekile. Ongeza na buibui, ongeza na kijana anayeshinda chumbani na michezo ya kompyuta. Mtoto wa Pangani aliyehamia Leeds anaweza kuwa na D ndogo bila CF. Akiwa na CF, ana sababu mbili. Kwa hiyo sisemi msimpe D. Nasema apewe aliyoandikiwa, pamoja na chakula chenye mafuta, pamoja na vimeng'enya vyake. Sijui ni wangapi humu wanampa mtoto vitamini saa moja asubuhi kwa maji matupu ili "asisahau". Naona mikono. Asanteni kwa ukweli. Hapo daladala haijafika hata kituoni.

Nije kwenye sufuria, maana huku ndiko kwangu.

Kliniki hufundisha watoto kuhesabu mafuta kwa kusoma pakiti. Chipsi, gramu fulani. Pitsa, gramu fulani. Nani amewahi kuona pakiti ya wali wa nazi wa bibi? Jumapili moja niliamua kupika na mizani. Kopo la tui la mililita 400, kwenye lebo mafuta gramu 17 kwa kila mililita 100. Hiyo ni gramu 68 sufuria nzima, na sijatia mafuta ya kukaangia kitunguu. Wakila watu watano, kila sahani ina karibu gramu 14 za nazi tu. Kijana aliyepangiwa kidonge kimoja cha uniti 10,000 kwa kila gramu 5 za mafuta, huyo anahitaji vidonge vitatu kwa wali peke yake. Bado samaki wa kukaanga. Bado mchicha, nao una tui. Na mama anampa viwili kwa sababu shuleni kwa mkate wa jibini alikuwa anameza viwili!

Msiongeze kwa kukisia, lakini. Vimeng'enya vina kikomo chake kwa siku kulingana na uzito wa mtoto, na kuvipita kuliwahi kuwaharibu watoto utumbo mpana. Nileteeni mapishi, tupige hesabu pamoja. Nina daftari: biriani, mbaazi za nazi, sambusa, pondu (kisamvu) ya mawese kwa ndugu zetu wa Kongo. Mawese, jamani, ni mafuta matupu, na rangi ile nyekundu ni malighafi ya vitamini A. Nayapenda sana kwa watoto hawa, mradi yaliwe pamoja na vimeng'enya vyake.

Wala msiogope mafuta. Zamani, hospitali nyingi ziliwakataza watoto wa CF mafuta ili choo kitulie. Toronto, daktari Douglas Crozier akaenda kinyume: wape mafuta wale washibe, ongeza vimeng'enya. Mwaka 1988 walilinganisha wagonjwa wa Toronto na wa Boston, ambako bado walikuwa wakibana mafuta. Mapafu, kwa umri uleule, hayakutofautiana sana. Lakini nusu ya wagonjwa wa Toronto walikuwa wakifika miaka 30, na wa Boston 21. Miaka tisa, ndugu zangu. Mimi nikiambiwa wali wa nazi ni mzito kwa mgonjwa, huwa naikumbuka miaka tisa ile.

Sasa vitamini A, na hapa nina la kuungama. Miaka ya mwanzo ya kazi, hospitali nyingine si hii, nilipokea majibu ya msichana aliyelazwa kifua kimechafuka, homa 39. Vitamini A chini sana. Nikaandika dozi maradufu, nikajiona hodari. Nilichosahau ni kwamba mwili ukipambana na maambukizo, A kwenye damu hushuka yenyewe hata kama ghala la ini limejaa. Alipopona tukapima, imepita kipimo cha juu. Kwa bahati hakudhurika. Tangu siku hiyo karatasi yenye A iliyotolewa wodini naiweka pembeni, nasubiri mtoto apone, napima tena.

Kwa sababu A si kama vitamini C, ikizidi ukaikojoa. Inakaa kwenye ini. Ikizidi sana inaleta kuumwa kichwa, kichefuchefu, kuona ukungu, mifupa kudhoofika, na kwa mama mjamzito inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Hatari hii imeongezeka miaka hii, kwa sababu ya habari njema. Kuna dawa mpya inayousaidia ule mlango wa chumvi kufunguka, mchanganyiko wa aina tatu, hapa inaitwa Kaftrio. Marekani iliidhinisha Oktoba 2019, sisi tukaipata 2020. Nimeona vijana waliokuwa wakilazwa kila msimu wakaanza kucheza mpira dakika tisini. Lakini wengi wao wakishaitumia, vitamini A hupanda kwenye damu, na wako waliopata shinikizo la maji ya ubongo kwa sababu waliendelea na dozi zile za zamani. Mtoto akianza dawa hii, chupa ya mafuta ya ini la samaki iliyoletwa na shangazi itoke mezani siku hiyohiyo, na damu ipimwe upya.

E na K nizipitie haraka. E hulinda neva. K hugandisha damu, na kijana anayekohoa makohozi yenye damu lazima K yake iangaliwe. Basi.

Lakini Kaftrio haimfai kila mtu, na hili linatuhusu sisi moja kwa moja. Inahitaji kuwe na mlango, hata kama ni mbovu, ili iunyooshe. Kuna badiliko la jeni linaloitwa 3120+1G>A, ndilo linaloongoza kwa watu weusi wenye CF Afrika Kusini, na kwa weusi wa Marekani nako hupatikana sana. Kwa hilo mlango hautengenezwi kabisa. Mtoto aliyerithi badiliko hilo kwa baba na kwa mama, Kaftrio haina pa kushika. Ndiyo maana mimi hukasirika mtu akiniambia CF ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 2009 Léon Mutesa na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto wa Rwanda wenye dalili kama za CF, na mabadiliko ya CFTR waliyaona. Ni wangapi nyumbani wanaandikwa kwashakoo, wanaandikwa kifua kikuu, wanameza dawa za TB mara ya pili na ya tatu? Hata hapa, kichanga hutobolewa kisigino na damu ikapimwa, lakini kwa miaka mingi hatua ya kutafuta jeni imekuwa ikianza na orodha fupi ya mabadiliko ya kawaida kwa Wazungu. Wa kwetu anaweza kuchelewa kujulikana. Ukimwona mtoto wa ndugu yako anakula sana, hanenepi, choo chake kinang'aa, anakohoa tangu kuzaliwa, na ukimbusu unaonja chumvi, mwombeni daktari kipimo cha jasho. Muombeni kwa jina, "kipimo cha jasho", na msiondoke kliniki mpaka mmeandikiwa.

Kwa vijana kama hao, ambao dawa mpya imewapita, mambo haya ya kizamani ndiyo uti wa mgongo: mazoezi ya kifua asubuhi na jioni, antibayotiki kwa wakati, vimeng'enya na mafuta, vitamini zilizopimwa. Na mkienda likizo Mombasa au Dar, chumvi, maana jasho lao ni maji ya chumvi. Vimeng'enya msiviache ndani ya gari juani, joto huviua, na mtarudi na mtoto aliyekonda mkidhani ni maji ya huko.

Simu inawaka. Kuna kijana ameinua mkono. Sema, mwanangu, tunakusikia.

Anauliza kama chai ya maziwa nayo inahesabiwa.

Inahesabiwa, kama ni ya kwetu, maziwa nusu sufuria. Ikiwa ya rangi, haihesabiwi. Lakini nasikia huyo anatafuna kitu. Hayo maandazi yanahesabiwa. Ni mangapi?